Theluji Hadi Ukingo wa Ziwa

Kila Jumapili, saa kumi na moja jioni, simu ililia katika nyumba ya Ngaire Tulloch, naye aliiacha ilie mara mbili kabla ya kuipokea, ili mtu wa ofisi ya hali ya hewa kule mjini asije akadhani kwamba mama huyu hana kazi nyingine ila kukaa akiisubiri. Ukweli ni kwamba alikuwa akiisubiri. Daftari lilikuwa limefunguliwa mezani, penseli imechongwa, miwani imefutwa kwa upindo wa sweta.

"Mkoa wa maziwa," ilianza sauti ya mjini, "matazamio ya juma linalokuja." Ngaire aliandika neno kwa neno, bila kuuliza, bila kukatiza, hadi sauti ilipomtakia jioni njema.

Saa kumi na mbili kamili alijisogezea redio ya upepo, akabonyeza kitufe, akayasomea mashamba saba yaliyolizunguka Ziwa Kohatu. Kazi hiyo aliianza akiwa na miaka ishirini na mitatu, ameolewa karibuni, wakati ambapo waya wa simu uliishia mlangoni pake kwa sababu nyumba ilikuwa kando ya barabara, na watu wa ng'ambo ya maji hawakuwa na njia nyingine ya kujua mbingu imewapangia nini. Siku hizi simu zilifika kote. Hata hivyo, ikifika saa ile Jumapili, sufuria za viazi zilisogezwa pembeni ya jiko na watoto waliambiwa wanyamaze. Waliiita saa ya Ngaire.

Sasa alikuwa na miaka sitini na sita. Alec, mumewe, alikuwa amefariki miaka tisa nyuma. Kondoo waliuzwa, malisho yakakodishwa kwa jirani, akabaki yeye na nyumba, daftari, na kipimamvua kilichosimama kwenye nyasi nyuma ya jiko. Alikisoma kila siku saa tatu asubuhi. Hata siku ya kumzika Alec alitoka na viatu vyake vyeusi, akainama, akasoma milimita nne, akaandika, ndipo akaenda kanisani.

Jambo moja lilijulikana na kila mtu pande zile: Ngaire hatoi maoni. Ukimuuliza kama mvua itakatika kabla ya Jumanne, atakujibu, "Mimi nasoma tu." Watu waliona ni unyenyekevu. Hawakujua kwamba ilikuwa adhabu aliyojihukumu mwenyewe, na kwamba alikuwa ameitumikia kwa miaka ishirini na minne.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani, akishamaliza kusoma, Murdo Kinnaird wa shamba la Glenorrin, ng'ambo ya ziwa, alikuwa akibonyeza kitufe chake na kuuliza kwa sauti yake ya kukwaruza, "Na wewe, Ngaire, unasemaje?" Naye alisema. Alizaliwa kando ya ziwa lile. Alijua upepo wa kaskazini-magharibi unavyoshuka kutoka milimani ukiwa na joto, ukiyeyusha theluji na kuyatibua maji, na alijua jinsi upepo wa kusini unavyoingia nyuma yake kama mtu anayefungua mlango wa nyumba wakati wa baridi. Murdo alimwamini kuliko ofisi.

Mwaka ule wa theluji kubwa, wanyoaji wa kondoo walikuwa wamefika Glenorrin tayari, na baada ya hapo zamu ilikuwa ya akina Tulloch. Kondoo majike hunyolewa mwanzoni mwa machipuko, ambayo huko huja Septemba, wakiwa na mimba, kabla ya kuzaa. Ukikosa zamu yako, umekosa. Sauti ya mjini ikasema: upepo wa kusini Alhamisi, theluji hadi ukingo wa ziwa. Ngaire akaandika hivyo hivyo. Kisha akakaa na daftari kwa saa nzima. Murdo akiahirisha, wanyoaji watakaa bure Glenorrin, na kondoo wa Alec, waliokuwa karibu zaidi na kuzaa, watapitwa. Alijiambia kwamba watu wa mjini hupenda kutia chumvi. Saa kumi na mbili akabonyeza kitufe, akasoma: "Alhamisi, upepo wa kusini, theluji milimani."

"Na wewe, Ngaire, unasemaje?"

"Nyoa, Murdo," alisema.

Kondoo mia sita na kumi na wawili walikufa Glenorrin, wakiwa hawana manyoya, wamerundikana kwenye ua wa waya kana kwamba walikuwa wakijaribu kuingia mmoja ndani ya mwingine. Theluji ilifika ukingoni mwa maji. Murdo hakulaumu mtu. "Hewa ni hewa," alisema kwenye redio juma lililofuata. Lakini hakumuuliza tena Ngaire anasemaje. Alisikiliza hadi mwisho, akajibu, "Nimesikia," na hayo tu ndiyo aliyojibu kila Jumapili, hadi alipokufa majira ya baridi mwaka juzi.

*

Jumapili ya pili ya Septemba, sauti ya mjini ilisema: kweupe hadi Alhamisi, Ijumaa upepo wa kusini, theluji kwenye miinuko ya juu ya mita mia tisa. Ngaire aliandika. Nje, ziwa lilikuwa limelala kimya, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu mchana. Upepo wa kaskazini-magharibi uliokuwa ukivuma kwa siku tatu ulitakiwa kutulia jioni, kama kawaida yake. Ulikuwa umekatika saa sita mchana, ghafla, na wingu refu la upinde linaloandamana nao juu ya milima likafutika kama chaki. Kipimo cha mgandamizo wa hewa ukutani kilikuwa kikishuka. Shakwe waliokuwa kwenye mchanga wa mto walikuwa wamehamia malishoni, wote wametazama upande mmoja.

Aliwasomea majirani kama alivyoandikiwa. Mashamba yakajibu moja moja. Wa mwisho alikuwa Catriona, binti Murdo, ambaye sasa aliliendesha shamba la Glenorrin peke yake. "Nimesikia, Shangazi Ngaire. Wanyoaji wameshafika, tunaanza alfajiri. Asante."

Kidole cha Ngaire kilikuwa bado juu ya kitufe. Alikitazama. Kisha akakiondoa.

Asubuhi, baada ya kusoma kipimamvua, aliteremsha madaftari kutoka juu ya kabati, arobaini na tatu, akayapanga sakafuni. Alitafuta Septemba ambazo upepo ule ulikatika mchana huku kipimo kikishuka. Alizipata kumi na moja. Katika tisa, upepo wa kusini uliingia kabla ya siku ya tatu, na theluji ilishuka chini kabisa. Alibaki amepiga magoti pale sakafuni, mwanamke mzima na mifupa yake inayouma, hadi chai yake ikapoa. Kisha akatafuta funguo za gari.

*

Kulizunguka ziwa hadi Glenorrin ni mwendo wa dakika arobaini. Alifika wakati wa mapumziko ya chai ya mchana. Wanyoaji watano walikuwa wamejinyoosha sakafuni kwenye banda, migongo yao ikitoa mvuke, na Mereana, mpishi wao, alikuwa akigawa mkate wa nyama.

"Shangazi!" aliita Hohepa, kaka yake Mereana na mkubwa wa kundi. "Umepotea njia? Kanisa liko upande ule."

"Mwache akae," alisema Mereana. "Shangazi, chai hii ni nyeusi kama soksi za Hohepa. Utaiweza?"

"Soksi zangu angalau huoshwa."

"Mwaka gani?"

Wakacheka. Ngaire alicheka kidogo, akakataa chai, akamwomba Catriona watoke nje. Walisimama kwenye uzio, karibu na mlango ambapo Hohepa alikuwa amekwenda kunoa vyuma vyake. Mbele yao kondoo waliokwisha kunyolewa, weupe, wembamba, walikuwa wakitetemeka katika jua zuri.

"Catriona, simamisha."

"Nisimamishe nini?"

"Kunyoa. Upepo wa kusini unakuja keshokutwa. Na theluji itafika hadi huku chini."

Catriona alimtazama kana kwamba anatafuta dalili za ugonjwa. "Jana umesoma mwenyewe. Kweupe hadi Alhamisi. Nimeandika ukutani."

"Jana nilisoma walivyosema."

"Na leo?"

"Leo nasema mimi."

"Wewe husemi!" Sauti ya Catriona ilipanda. "Tangu nipate akili, mtu akikuuliza kama achukue koti unamwambia nasoma tu. Leo ndiyo umeamua kusema, mia tatu wakiwa tayari uchi? Una uhakika?"

"Sina. Nimeona Septemba ikifanya hivi mara kumi na moja. Mara tisa ilikuja."

"Na mara mbili?"

"Mara mbili haikuja."

Catriona aliushika uzio kwa mikono miwili. Alikuwa na mikono ya baba yake, mipana, yenye nyufa. "Sikiliza. Nikisimamisha kazi kondoo wakiwa wakavu, hawa wanapakia vyombo vyao, siku hizi hawamngoji mtu kama zamani. Kesho jioni wako kwa jirani. Nitawapata tena Oktoba, kondoo wakiwa wanazaa. Shamba hili linasimama kwa mguu mmoja, Shangazi. Siwezi kuusimamisha mwaka mzima kwa sababu ya shakwe na kipimo cha ukutani. Baba alikuwa akikusikiliza, ikamfikisha wapi?"

Hapo ndipo Ngaire alipolisema. Hakuwa amelipanga. Lilitoka kwa sauti ile ile ya saa kumi na mbili, tulivu, kana kwamba analisoma.

"Baba yako hakukosea mwaka ule. Ofisi walisema theluji hadi ukingo wa ziwa. Niliandika. Kisha nikasoma theluji milimani. Akaniuliza nasemaje, nikamwambia anyoe."

Mashine ya kunolea pale mlangoni ilikuwa imenyamaza.

"Kwa nini?"

"Zamu iliyofuata ilikuwa yetu. Mngengoja ninyi, nasi tungekosa."

Catriona hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Aliwatazama kondoo. "Nilikuwa na miaka kumi na moja," alisema. "Mimi nikishika masikio, baba akishika miguu. Masikio yalikuwa magumu kama mbao."

"Najua."

"Hujui."

Kengele ya kurudi kazini ililia ndani. Catriona alijifuta uso kwa mkono, akaingia bandani, na mashine za kunyolea zikaanza tena kunguruma, zote ila moja.

Hohepa alibaki mlangoni na chuma chake mkononi. "Barabara ina kokoto, Shangazi," alisema. "Endesha polepole."

*

Hakulala sana. Alipoamka alilitoa daftari la mwaka ule, akalifunga kwa kitambaa, akaondoka kabla ya jua kutoka. Hakujua hasa analipeleka ili iweje. Aliona tu kwamba maneno aliyoyasema jana yanaweza kudhaniwa ya mama mzee aliyechanganyikiwa, na kwamba Catriona anastahili kuona mwandiko.

Anga lilikuwa la bluu tupu. Hapakuwa na umande hata wa kulowesha kidole. Alipoingia bandani, wanyoaji walikuwa wameshasimama mahali pao, na Hohepa alikuwa katikati, ameingiza mkono ndani ya manyoya ya kondoo mmoja hadi kwenye kifundo.

"Hawa wamelowa," alisema.

"Wamelowa na nini?" alisema Catriona. "Wamelala ndani usiku kucha!"

"Kuna unyevu. Nausikia mkononi. Wawili wawili, jamani, kisha tupige kura."

Hiyo ni desturi ya wanyoaji, na hakuna mwenye shamba anayeweza kuipinga. Manyoya yenye maji huwaharibu viungo. Kwa hiyo wakitilia shaka, kila mmoja hunyoa kondoo wawili, kisha huandika kwenye kipande cha karatasi, kwa siri, kama wamelowa au ni wakavu. Wengi wakisema wamelowa, kazi inasimama, kundi halihami, na zamu haipotei; wa shamba linalofuata hungoja, kwa sababu naye iko siku atangojewa. Na kwa kuwa mnyoaji hulipwa kwa kila kondoo, siku ya kura ya namna hiyo huondoka mikono mitupu. Ndiyo maana huwa hawaipigi bila sababu.

Walinyoa wawili wawili. Ilichukua dakika chache tu. Kisha wakaandika, kila mtu akiugeuzia ukuta uso wake, wakazitia karatasi kwenye kofia ya Hohepa. Mereana, ambaye hakuwa na kura, ndiye aliyezifungua.

"Wamelowa," alisoma. "Wamelowa. Wakavu. Wamelowa. Wamelowa." Akaikung'uta kofia. "Kumbe kuna mkweli mmoja humu ndani. Asijitaje, maana chakula chake nakipika mimi."

Hakuna aliyecheka sana. Catriona alikuwa akimtazama Hohepa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakauke." Hohepa aligeukia dirisha, akalitazama lile anga safi kwa uso wa mtu anayetazama gharika. "Naona itachukua siku kadhaa."

Ndipo Catriona alipomwona Ngaire karibu na mlango, na kitambaa mkononi. Akaja. Akapokea daftari, akalifungua pale palipokuwa na alama, akasoma akiwa amesimama. Ulikuwa mstari mmoja tu. Aliusoma muda mrefu kuliko urefu wake. Akalitia daftari ndani ya koti, hakulirudisha.

"Kama umekuja kusimama," alisema bila kuinua macho, "kasimame langoni uhesabu."

Ngaire alisimama langoni hadi jioni. Walionyolewa walikuwa mia sita na hamsini. Waliingiza mia nne bandani na chini ya sakafu yake iliyoinuliwa, wakiwabana hadi wakawa kitu kimoja kinachopumua. Waliobaki waliwapeleka nyuma ya safu ya misonobari, wakawajengea ukuta wa marobota ya nyasi. Wanyoaji walibeba nyasi pamoja na wengine, na hakuna aliyesema kwamba si kazi yake. Saa tatu asubuhi ilipita Ngaire akiwa anahesabu. Ni siku pekee isiyo na kipimo katika miaka yake yote arobaini na mitatu. Ukiyafungua madaftari hayo utakuta tarehe imeandikwa, na mbele yake hakuna kitu.

*

Upepo wa kusini uliingia Jumatano, saa nane mchana. Kwanza ziwa lilibadilika rangi kule mbali, ukanda mweusi kama wino, ukaja ukikua. Kisha milima ikaondoka. Ngaire, aliyekuwa amerudi kwake, alisimama nyuma ya kioo cha jiko akiona theluji ikianza kama majivu, halafu kama unga, halafu isiyokuwa na mfano, hadi kipimamvua chake hakikuonekana tena ingawa kilikuwa hatua kumi tu. Ilifika ukingo wa ziwa. Haikukomea hapo, iliendelea kuanguka majini, ikizama bila sauti.

Hohepa alipiga simu Ijumaa, njia zilipofunguka. "Thelathini na wanane, Shangazi. Wote nyuma ya misonobari. Walipanda juu ya ukuta wa nyasi wakaangukia upande wa upepo. Wengine wako hai. Wenye manyoya hawajui hata kama kulikuwa na jambo."

"Na yeye?"

"Anawafukia. Hataki msaada."

Ngaire alishukuru, akakata simu. Thelathini na wanane ni wachache, mtu yeyote wa kando ya ziwa angesema hivyo. Yeye hakuweza kuwaona kuwa wachache. Kama angekibonyeza kitufe Jumapili ile akasema, asingekufa hata mmoja.

Jumapili ilipofika, simu ililia, naye akaipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Mkoa wa maziwa: ukungu asubuhi, baridi kali usiku hadi Jumanne, kisha joto. Saa kumi na mbili akasoma. Mashamba yakajibu moja moja, safari hii kwa sauti za chini, kwa sababu habari husafiri, na Ngaire alijua ni habari gani iliyosafiri. Mmoja alijibu kwa kubonyeza kitufe tu, bila neno. Hakumlaumu. Glenorrin hawakujibu.

Alingoja. Redio ilikwaruza. Aliona kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa sasa, na kwamba ni haki. Alikuwa ameshanyoosha mkono kuizima, sauti ilipokuja, nzito, imechoka, isiyo na Shangazi ndani yake.

"Glenorrin hapa. Wanyoaji bado wapo. Nimebakiwa na elfu moja na mia nne na hamsini." Kisha, taratibu, kama mtu anayejaribu koti la marehemu, "Na wewe, Ngaire, unasemaje?"

Ngaire aligeuka dirishani. Theluji ilikuwa imebaki chini ya uzio tu. Upepo mwembamba ulikuwa ukitoka kaskazini, na shakwe walikuwa wamerudi mtoni. Alitazama kipimo. Akakibonyeza kitufe kwa vidole viwili.

"Sina uhakika," alisema. "Lakini kipimo kinapanda tangu jana, na ndege wamerudi mchangani. Kesho usinyoe, manyoya ya tumboni bado yana maji. Anza Jumanne, saa sita, ukungu ukiondoka. Anza na wale wa upande wa ziwa. Na wale walionyolewa usiwatoe misonobarini hadi Jumatano, hata jua likikudanganya."

Redio ilikwaruza muda mrefu.

"Jumanne saa sita," ilisema sauti ya Catriona. "Upande wa ziwa kwanza."

Ngaire alivuta daftari. Chini ya maneno ya ofisi aliandika yake, neno kwa neno, kama alivyoyasema.